Saraka ya Pamoja na Jina la Mborana: Programu ya Barua Pepe na Seva ya Anwani kwa Mfano wa Korbesa

IKISIRI
Makala haya yanafafanua jinsi programu ya barua pepe inavyounganishwa na seva ya saraka ili watumiaji wengi washiriki orodha moja ya anwani. Yanadai kuwa kazi hiyo, ambayo huachiwa mafundi, inaibua maswali mawili ya lugha: uteuzi wa istilahi na uandishi wa jina la mtu. Mfano unaotumiwa ni Korbesa, makazi ya wafugaji katika eneo la Merti, Kaunti ya Isiolo.

1.0 Utangulizi
Tuchukulie kwamba shule, zahanati na ofisi ya mifugo za Korbesa zinawasiliana na mji wa Isiolo kwa barua pepe. Iwapo kila afisa ana kitabu chake cha anwani ndani ya kompyuta yake, uhamisho wake huondoka na anwani zote. Ukame au mafuriko yakizuka, mgeni aliyechukua nafasi yake hajui amwandikie nani. Saraka ya pamoja huondoa udhaifu huo: anwani huhifadhiwa katika seva moja, nazo programu zote huisoma.

2.0 Suala la Istilahi
Itifaki inayotumika zaidi kwa kazi hii ni LDAP, iliyobuniwa katika Chuo Kikuu cha Michigan na kuchapishwa mwaka 1993. Toleo lake la tatu lilitoka mwaka 1997. Neno "itifaki" lenyewe lilihusu makubaliano na taratibu za kidiplomasia kabla ya kupanuliwa maana. "Seva" ni mkopo uliokwisha kukubalika. "Saraka" lina utata, kwani katika tarakilishi hutumiwa pia kwa maana ya kabrasha la faili. Ama "mteja", kwa programu inayoomba huduma, huzusha tatizo la upatanisho: je, mteja "ameunganishwa" au "imeunganishwa"? Kwa sababu hiyo, makala haya yanapendelea "programu ya barua pepe". Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulithibitisha kuwa istilahi hukomaa zinapowekwa mbele ya mtumiaji, si kamusini tu.

3.0 Hatua za Kuunganisha
Katika programu ya Thunderbird, mtumiaji hufungua kitabu cha anwani na kuongeza saraka mpya ya LDAP. Hutakiwa kujaza mambo manne:
(a) jina la kuitambulisha saraka;
(b) anwani ya seva;
(c) shina la utafutaji, kwa mfano dc=mfano,dc=ke;
(d) mlango, ambao kwa kawaida ni 389, au 636 kwa mawasiliano yaliyofichwa tangu mwanzo.

Seva ikidai utambulisho, jina la mtumiaji huongezwa, na nywila huulizwa baadaye. Nywila isipitishwe katika muunganisho usiofichwa. Hatimaye, saraka huteuliwa katika mipangilio ya uandishi ili anwani zijipendekeze mtumiaji anapoanza kuandika jina.

Wanaoanza hudhani wamekosea wanapoona orodha tupu. Sivyo: saraka haionyeshi kitu mpaka itafutwe. Aidha, Thunderbird husoma tu. Marekebisho hufanywa na msimamizi wa seva. Mahali ambapo mtandao hukatika, inafaa kupakua nakala ya saraka kwenye kompyuta na kuihuisha mtandao unapopatikana.

4.0 Jina la Mborana ndani ya Saraka
Hapa ndipo penye kiini cha mjadala. Katika LDAP, ingizo la mtu ni lazima liwe na sifa mbili: cn, yaani jina kamili, na sn, yaani jina la ukoo. Sharti hilo linatokana na desturi ya majina ya Kizungu. Mborana huitwa kwa jina lake, likafuatwa na la baba, kisha la babu. Guyo mwana wa Wario hana jina la ukoo linalorithiwa na kizazi hadi kizazi. Wario ni baba yake. Msajili mmoja akiweka jina la baba katika sn na mwingine akaweka la babu, ndugu wawili watatenganishwa, na mtu mmoja huenda akasajiliwa mara mbili.

Tatizo la pili ni tahajia. Jina moja huandikwa Halake au Halakhe. Hata Korbesa huandikwa pia Korbessa. Seva haikisii kama binadamu: anayetafuta tahajia moja huenda asipate nyingine.

Suluhisho limo ndani ya itifaki yenyewe. Sifa cn na sn zinaruhusu thamani zaidi ya moja. Msimamizi aandike tahajia zote katika cn, na aweke kanuni moja kuhusu sn, kwa mfano jina la babu, au la baba palipo na majina mawili tu.

5.0 Hitimisho
Imebainika kuwa kuunganisha programu na seva ni kazi ya dakika chache. Kuamua jina liandikweje ndiko kunakohitaji mwanaisimu. Isitoshe, Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataka taarifa za mtu ziwe sahihi na zitumiwe kwa kusudi lililobainishwa. Mtu asiyepatikana kwa jina aliloitwa na wazazi wake amesajiliwa kimakosa, hata kama seva haikutoa onyo lolote.