Malipo ya Uzeeni ya Askari Polisi

Kabla ya tarehe 1 Januari 2021, askari polisi wa Kenya hakukatwa mshahara kwa ajili ya pensheni yake mwenyewe. Serikali ilimlipa kutoka Hazina. Kila mwezi wa utumishi ulihesabiwa sehemu moja katika 480 ya mshahara, hata aliyetumika miezi 240 akapata nusu.

Tangu siku hiyo, askari waliokuwa chini ya miaka 45 waliingizwa katika mpango wa akiba. Mwaka wa kwanza walikatwa asilimia 2, wa pili 5, na kuanzia wa tatu 7.5, Serikali nayo hutoa 15. Kwa mfano, mwenye mshahara wa Shs. 30,000 hutoa Shs. 2,250 na Serikali Shs. 4,500, jumla Shs. 6,750 kila mwezi. Wengi hulalamikia zile 2,250, wala si ajabu kwa mwenye watoto shuleni, wakasahau zile 4,500.

Lakini yafaa ieleweke: zamani askari alitegemea ahadi ya Hazina, sasa hutegemea fedha zilizowekwa kwa jina lake, pamoja na faida yake. Zikichelewa kupelekwa, uzee wake ndio upungukao. Basi taarifa ya akiba na isomwe kila mwaka, na majina ya warithi yatazamwe kila mtoto azaliwapo.