Kabla ya Kupiga Windows Upya

KIJANA: Mzee, nimekuletea kompyuta ya nyumbani, haiwaki vizuri. Kuna jamaa kaniambia nipige Windows upya.

MZEE: Aliiwasha akaitazama, mwanangu?

KIJANA: Hapana, nilimweleza kwa simu.

MZEE: Basi alipiga ramli. Hebu nieleze mimi. Mashine kwanza inapata umeme. Kisha mazabodi inajikagua, RAM na vinginevyo. Mwisho ndipo inatafuta diski na kuiamsha Windows. Yako inakwama wapi?

KIJANA: Feni inazunguka, nembo inatokea. Halafu yanakuja maandishi kwamba saa haijawekwa, nibonyeze F1. Nikibonyeza, Windows inaanza, kidogo tu skrini inakuwa ya buluu, inajizima na kuwaka tena.

MZEE: Umeme upo, basi. RAM nayo imesomwa, maana ingekuwa na hitilafu, aghlabu hata nembo usingeiona: kioo cheusi, feni inaunguruma, pengine na milio. Huku pwani hilo ni la kila siku, hewa ya chumvi haina huruma. Dawa yake hata wewe unaiweza. Chomoa waya ukutani, bonyeza swichi ya kuwashia sekunde kumi ili umeme uliobaki uishe, toa RAM, sugua meno yake taratibu kwa raba ya penseli, pangusa, uirudishe mpaka vishikio vibane. Zikiwa mbili, jaribu moja moja. Pawa saplai tu ndiyo usiifungue. Hata ikiwa imechomolewa, ndani yake hubaki umeme wa kukurusha.

KIJANA: Sasa saa inahusiana nini na Windows?

MZEE: Nipe bisibisi tufungue ubavu. Unakiona kile kidude cha mviringo kinachong'aa? Soma.

KIJANA: CR2032.

MZEE: Milimita 20 upana, 3.2 unene. Ni betri ya volti 3. Mkizima umeme ukutani, yeye ndiye anayeshika saa na mipangilio ya BIOS, ile programu ya mazabodi inayoiamsha mashine. Nyumbani mnazima?

KIJANA: Kila usiku. Mama anaogopa umeme ukikatika na kurudi kwa nguvu.

MZEE: Mama yuko sahihi, ila betri ndiyo inayobeba mzigo usiku kucha. Tazama mita: volti 2.1. Imekwisha. Kwenye mashine nyingi za umri huu, betri ikifa, mipangilio inarudi ya kiwandani, pamoja na ule unaoiambia mazabodi iizungumzishe diski kwa njia gani. Windows yako iliwekwa kwa njia ya AHCI, sasa huenda inaletewa RAID. Diski ni nzima, mafaili yapo, lakini Windows haiioni.

KIJANA: Kwa hiyo ninunue betri tu?

MZEE: Betri mpya haitakumbuka yaliyokwisha futika. Iweke maandishi yakitazama juu, washa, gonga F2 au Delete kutegemea mashine, uingie BIOS. Rekebisha tarehe, maana tarehe ya kale hufanya hata tovuti za benki zikukatalie kwa kudai si salama. Kisha tafuta palipoandikwa SATA. Ukikuta RAID, geuza AHCI, hifadhi, toka. Ikigoma, irudishe kama ulivyoikuta. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, la sivyo hutajua kipi kimeponya.

KIJANA: Na ningepiga Windows upya?

MZEE: Ingewaka! Ndiyo ubaya wake. Ungemlipa yule jamaa na kumsifu, picha za familia zimefutwa, na betri bado mfu. Asubuhi ya pili F1 hiyo hapo tena.

KIJANA: Na kama ingekuwa ni diski?

MZEE: Hapo ungesikia inagonga tik-tik, au BIOS isingeitaja kabisa. Diski inayogonga usiiwashe-washe kujaribu bahati, kila kuwasha kunazidi kuikwangua. Ipeleke kwa anayejua kuokoa mafaili.

KIJANA: Nimekuelewa, mzee.

MZEE: Betri usichukue zile zinazouzwa bila pakiti, nyingine huwa zimechoka kabla hujazitia. Na Windows ikifunguka leo, la kwanza kabisa hamishia zile picha kwenye flashi.