KUBADILI TANGA LA CHOMBO

Ukikaa karibu na pwani, bila shaka umepata kuona ngalawa. Ina mlingoti mmoja na tanga la pembe tatu, lililofungwa kwenye foromali, yaani ule mti mrefu unaopandishwa mlingotini. Mtepe wa zamani, ambao mbao zake zilishonwa kwa kamba badala ya kupigiliwa misumari, ulikuwa na tanga la mkeka lenye pembe nne. Tanga hilo lilifaa sana upepo ulipovuma kutoka nyuma. Lakini kwa kubisha, yaani kwenda mshazari kuelekea upepo utokako, tanga la pembe tatu ni bora zaidi.

Je, fundi akiondoa tanga la pembe nne na kuweka la pembe tatu lenye eneo lile lile, kazi imekwisha? La. Fanya jaribio hili uone.

Jaribio

Chonga mashua ndogo kwa mti mwepesi, yenye urefu wa sentimeta 30 hivi. Iweke katika maji yaliyotulia. Isukume ubavuni kwa ncha ya kidole, kwanza karibu na omo (sehemu ya mbele), kisha karibu na nyuma. Inageukaje? Sasa tafuta mahali ambapo ukisukuma, mashua husogea kiubavu bila kugeuka. Patie alama. Usifanye haraka, mahali hapo ni padogo.

Upepo nao hulisukuma tanga kama kwamba nguvu yake yote imekusanyika mahali pamoja. Mahali hapo pakiwa mbele mno ya alama yako, omo huukimbia upepo. Pakiwa nyuma mno, omo huugeukia upepo. Kwa hiyo tanga likibadilishwa, mara nyingi mlingoti nao hauna budi kuhamishwa. Mvuvi ambaye chombo chake hakitii usukani atarudije nyumbani, ikiwa upepo unavuma kutoka nchi kavu?

Zoezi

1. Tanga la mstatili lina upana wa mita 2 na kimo cha mita 3. Tanga la pembetatu lina kitako cha mita 3 na kimo cha mita 4. Tafuta eneo la kila moja.

2. Kati ya mstatili iko kwenye nusu ya kimo; kati ya pembetatu iko kwenye theluthi moja ya kimo kutoka kitakoni. Vitako vikiwa sawa juu ya maji, na upepo ukiwa mmoja, tanga lipi litakiinamisha chombo zaidi? Eleza kwa nini.