Dondoo muhimu: Kabla ya kununua toleo jipya la Kind of Blue

Jalada zuri lisikupumbaze. Geuza, usome maandishi madogo ya nyuma uone kama kasi imerekebishwa. Albamu hii ya Miles Davis ilirekodiwa New York mwaka 1959, na siku ya kwanza mashine ya kurekodi ilizunguka polepole kuliko ilivyotakiwa. Ndiyo maana, zikipigwa kwa kasi ya kawaida, nyimbo tatu za upande wa kwanza wa santuri zilitoka zikienda kasi kidogo, sauti nazo zimepanda. Kosa lilianza kurekebishwa kwenye matoleo ya miaka ya 1990.

Una shaka? Piga “So What”, mmoja wa nyimbo hizo tatu, kwenye toleo la zamani na jipya, ufuatilie besi ya Paul Chambers mwanzoni. Santuri kuukuu usiitupe. Wapo wanaoipenda na kasi yake hiyohiyo.