Ukuta wa Kutazamia Meli

Mji wa Hamburg katika nchi ya Ujerumani umejengwa kando ya mto Elbe, zaidi ya kilomita 100 kutoka baharini. Hata hivyo maji ya mto huo hujaa na kupwa mpaka mjini, kwa zaidi ya meta 3. Meli zenye shehena nzito hungoja maji yajae ndipo zipite, na magati ya Landungsbrücken yameundwa yaelee, ili yapande na kushuka pamoja na maji.

Lakini maji yaletayo riziki huweza pia kuleta msiba. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Februari, 1962, dhoruba iliyasukuma maji ya bahari kuingia mtoni. Maboma ya udongo yalibomoka, na watu 315 walikufa mjini humo. Baada ya msiba huo kuta za kuzuia maji zilijengwa juu zaidi.

Sehemu moja ya kuta hizo, karibu na magati, ilijengwa upya na kumalizika mwaka 2019. Juu yake pana njia pana, ambapo watu hutembea wakitazama meli, winchi na minara ya makanisa. Wengi huja kuburudisha macho tu. Kumbe wanachokikanyaga ndicho kinachoulinda mji.