Akiba ya Marehemu Mume Wako

Ikiwa mume wako alikuwa na fedha benki na sasa amefariki, fedha hizo bado zipo. Lakini benki haitakupa kwa sababu tu wewe ulikuwa mke wake. Hata ukienda na cheti cha ndoa, na mtoto mgongoni, karani atakuuliza: "Msimamizi wa mirathi ni nani?" Somo hili litakusaidia kulijibu swali hilo.

Watu wengine hutafuta njia ya mkato. Wana kadi ya marehemu, na namba ya siri wanaijua. Kabla matanga hayajaanuliwa, wamekwisha kutoa fedha. Usifanye hivyo, wala usimruhusu mtu afanye. Tangu mtu alipofariki, mali yake ni ya warithi wote, baada ya madeni kulipwa. Anayechukua peke yake anaweza kushtakiwa. Fedha zilizomo katika simu ya marehemu ni hivyo hivyo.

Wengine husema, "Aliandika jina langu benki." Ni vizuri. Lakini jina hilo huisaidia benki kujua nani wa kuulizwa. Halikufanyi uwe mwenye fedha.

Tuseme unakaa Somanga, na mume wako alikuwa mvuvi. Utaanza wapi?

Utaanza na cheti cha kifo. Kama alifia hospitali, chukua karatasi ya hospitali. Kama alifia nyumbani, nenda kwa Afisa Mtendaji wa Kijiji akuandikie barua. Kisha karatasi hiyo ipelekwe kwa msajili wa vizazi na vifo wa wilaya, Kilwa Masoko. Sheria inataka kifo kiandikishwe katika siku 30. Siku hizo zikipita bado unaweza kuandikisha, ila maelezo na safari huongezeka. Ikiwa umekaa eda, mtume mtoto mkubwa au ndugu. Si lazima uende mwenyewe.

Pili, ndugu wakae kikao. Wamchague mtu wa kuomba usimamizi, na mmoja aandike muhtasari: waliohudhuria, tarehe, jina la aliyechaguliwa, na majina ya warithi wote. Wote watie sahihi. Mahakama nyingi huuliza muhtasari huu. Usome mwenyewe kabla ya kutia sahihi. Tazama kama watoto wako wote wamo. Kama marehemu alikuwa na mke mwingine, au mtoto wa nje ya nyumba yako, naye aelezwe. Ukimficha leo, atatokea siku ya kugawa, na shauri litaanza upya.

Hapa kwenye kikao ndipo wajane wengi hupoteza haki zao. Shemeji husimama na kusema, "Mwanamke hawezi mambo ya mahakama. Nitasimamia mimi." Mjane hunyamaza kwa heshima. Shemeji anaweza kuwa mtu mwema, na wengi ni wema. Lakini ujue kwamba sheria haimkatazi mwanamke. Mtu yeyote mwenye haki katika mirathi anaweza kuomba. Mahakama inaweza pia kuteua watu wawili, wewe na shemeji yako, mkatazamana. Mara nyingi hiyo ndiyo njia ya amani.

Tatu, nenda Mahakama ya Mwanzo ya mahali alipokuwa akikaa marehemu. Mahakama hii husikiliza mirathi inayofuata sheria ya Kiislamu au mila. Kama marehemu alikuwa Mkristo, mweleze karani, kwani huenda shauri likapelekwa Mahakama ya Wilaya. Shauri husikilizwa kwa Kiswahili, na si lazima uwe na wakili. Utajaza Fomu namba 1, ndiyo ya maombi. Ukilipa ada, dai stakabadhi. Mahakama itabandika tangazo ili mwenye pingamizi ajitokeze. Siku ya shauri, hakimu atakuuliza maswali na kuwasikiliza ndugu. Akiridhika, atatoa Fomu namba 4. Hiyo ndiyo barua ya usimamizi. Toa nakala, na ile yenyewe ihifadhi pakavu.

Sasa rudi benki. Peleka barua hiyo, cheti cha kifo na kitambulisho chako.

Msimamizi si mwenye mali. Ni mtunzaji. Katika miezi 4 tangu ateuliwe, lazima apeleke mahakamani orodha ya mali na madeni, katika Fomu namba 5. Baadaye hutoa hesabu ya alivyogawa, katika Fomu namba 6. Akila fedha, mrithi yeyote anaweza kulalamika mahakamani, naye anaweza kuondolewa.

Tufanye hesabu. Benki kuna shilingi 2,000,000. Marehemu alikuwa na deni la nyavu, shilingi 400,000. Deni hulipwa kwanza. Zinabaki 1,600,000. Ameacha mke mmoja, wana wawili na mabinti watatu, na wazazi wake walikwisha kufariki. Kwa sheria ya Kiislamu, mke mwenye watoto hupata thumni, yaani sehemu moja kati ya nane: shilingi 200,000. Zilizobaki, 1,400,000, ni za watoto. Mwana hupata mara mbili ya binti, basi kila mwana 400,000 na kila binti 200,000. Wake wangekuwa wawili, wangegawana thumni hiyo hiyo.

Thumni ni ndogo, mjane atasema. Lakini kinachogawiwa ni mali ya marehemu tu. Kama fedha zako za ufuta au korosho ziliingia katika akaunti yake, mweleze hakimu mapema, na uonyeshe stakabadhi zako za mauzo.

Maswali ya kujadili darasani

1. Kwa nini benki haitoi fedha kwa mtu mwenye kadi ya marehemu tu?
2. Katika kijiji chenu, nani huchaguliwa kuwa msimamizi? Kwa nini?
3. Marehemu ameacha shilingi 1,200,000 na deni la 400,000. Ana mke mmoja na watoto. Mke atapata kiasi gani?
4. Andika muhtasari mfupi wa kikao cha ndugu. Mpe mwenzako ausome kwa sauti.