Pointi tano na magofu ya Kilwa

Swali: Kidato cha sita nimepata C ya Historia, D ya Kiswahili na E ya Jiografia. Niombe akiolojia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au sanaa Bagamoyo? (Msomaji, Kilwa Masoko)

Jibu: C ni pointi 3 na D ni 2, kwa hiyo umevuka pointi 4 za masomo mawili zinazotakiwa kwa shahada. Lakini kuvuka kizingiti si kupata kiti. Nafasi zikiwa chache, wenye pointi nyingi hutangulia, basi jaza na kozi ya akiba. TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo, ni ya anayetaka ngoma na jukwaa kila siku, si kimbilio la aliyekosa chuo kikuu. Utaambiwa akiolojia haina ajira. Nafasi ni chache, kweli. Ila Kilwa Kisiwani, urithi wa dunia tangu 1981, kuta za matumbawe na chokaa hazijitunzi zenyewe, na wewe umekulia ng'ambo tu ya maji. Mimi ningeanza na akiolojia.